Butrus al-Bustani: Katibu wa Chama na Mwalimu wa Beirut

Mpenzi wa Kiswahili anayesoma habari za Butrus al-Bustani hujikuta kama mtu aliyeingia nyumba ya ugenini akawakuta humo jamaa zake. Lakabu yake ilikuwa al-Muallim, neno lile lile lililotupa mwalimu. Jina la ukoo wake ni bustani, hii hii tunayoipalilia. Alitoa hotuba, akachapisha nafiri, akatunga kamusi, akaanzisha mfululizo wa vitabu aliouita duara la maarifa, na hakuna hata moja kati ya istilahi hizi ambayo Mswahili atahitaji kutafsiriwa. Hata hivyo, makala haya hayakusudii kuchambua maneno ya mkopo. Yanakusudia kueleza maisha ya mtu aliyeamini kwamba watu wakikutana chumbani, mmoja akasoma aliyoyaandika na wengine wakasikiliza na kuyajadili, jambo la maana huwa limetendeka. Imani hiyo, kama tutakavyoona, ilikuja kujaribiwa kwa moto na damu.

Al-Bustani alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1819 katika kijiji cha Dibbiyeh, katika milima ya Lebanon, wakati ambapo nchi zote za Shamu zilikuwa chini ya dola ya Waturuki wa Uthmaniya. Jamaa yake walikuwa Wamaroni, Wakristo wa Mashariki wanaomfuata Papa wa Roma. Alipoonyesha wepesi wa kushika masomo alipelekwa katika seminari ya Ayn Waraqa, akakaa huko takriban miaka kumi. Huko alisoma Kiarabu kwa kina, Kisiria ambacho ndicho lugha ya ibada ya Wamaroni, Kilatini na Kiitaliano. Baadaye aliongeza Kiingereza, Kiebrania na Kigiriki. Kila dalili ilionyesha kwamba angekuwa kasisi.

Mwaka wa 1840 aliteremka Beirut, na mkondo wa maisha yake ukabadilika. Mji ule wa pwani ulikuwa ukikua kwa kasi: meli za Ulaya zilitia nanga, mabalozi walifungua ofisi, na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walikuwa na shule na matbaa ya herufi za Kiarabu. Kijana wa mlimani alipata kazi ya ukalimani, kisha akaanza kuwafundisha Kiarabu wamisionari hao. Miongoni mwao Eli Smith na Cornelius Van Dyck wakawa marafiki zake wa maisha. Haukupita muda mrefu akajiunga na Uprotestanti.

Jambo hilo halikuwa dogo, na msomaji wa leo asilipite haraka. Miaka kumi tu kabla ya hapo, Mmaroni mwingine msomi, Asaad al-Shidyaq, aliyekuwa amechukua hatua kama hiyo, alifia kifungoni katika monasteri ya Qannubin kwa amri ya Patriaki wake. Al-Bustani aliijua vyema habari hiyo, na mwaka wa 1860 aliichapisha kama kitabu. Yaani alipozungumza baadaye juu ya uhuru wa dhamiri, hakuwa akizungumzia dhana aliyoiokota vitabuni mwa Wazungu. Alimzungumzia mtu wa kwao aliyekufa.

Alioa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1840. Mkewe, Rahil Ata, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa shule ya wasichana iliyofunguliwa na Wamarekani mjini Beirut, na alijua kusoma na kuandika katika zama ambapo wanawake wa aina hiyo nchini humo walikuwa wachache mno. Tutahitaji kumkumbuka bibi huyu hivi punde. Mwaka wa 1846 al-Bustani alikwenda kufundisha katika kijiji cha Abeih pamoja na Van Dyck, akaandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya shule. Baadaye alirudi Beirut kumsaidia Smith kuitafsiri Biblia kwa Kiarabu. Smith alifariki mwaka wa 1857 kabla ya kuimaliza; Van Dyck aliipokea kazi, na Biblia nzima ikakamilika mwaka wa 1865.

Tuje sasa kwenye chumba kile tulichokitaja. Mwaka wa 1847 kiliundwa mjini Beirut chama ambacho jina lake refu la Kiarabu lilimaanisha Jumuiya ya Syria ya Kujipatia Elimu na Fani. Kilikuwa na wanachama wapatao hamsini, wafanyabiashara, tabibu, wakalimani, walimu na wamisionari. Walikuwa na maktaba yao. Walikutana, mmoja wao akatoa mhadhara juu ya mada aliyoitayarisha, kisha yakafuata mazungumzo. Kwetu sisi tuliozoea makongamano, utaratibu huu unaonekana wa kawaida. Katika Beirut ya wakati huo ulikuwa mpya. Elimu ilikuwa ikipatikana kwa kukaa mbele ya shehe msikitini au mbele ya kasisi katika monasteri, na kila dhehebu lilijifungia na vitabu vyake. Hapa walikutana watu wa makanisa yaliyozoea kutazamana kwa jicho la shaka, na kilichowaleta pamoja hakikuwa sala.

Katibu wa chama hicho alikuwa al-Bustani, kijana asiyetimiza bado miaka thelathini. Na kati ya wanachama wenzake alikuwamo Nasif al-Yaziji, mshairi na mwanasarufi mkubwa ambaye hakujua lugha yoyote ya Ulaya wala hakuona haja ya kuijua. Kwa maoni yangu, kuwapo kwa mtu wa aina ya al-Yaziji ndiko kulikokiokoa chama kisiwe darasa tu la Wamarekani. Kulikuwa na mihadhara juu ya faida za sayansi, lakini kulikuwa pia na mihadhara juu ya hazina ya Waarabu wenyewe. Al-Bustani alitoa mmoja kuhusu al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka wa 1122, na ambaye Maqamat zake ni mkusanyiko wa visa vya nathari yenye vina vinavyomsimulia laghai mwenye ulimi mtamu. Wasikilizaji walikuwa wakijadili kitabu cha karne saba nyuma kana kwamba mwandishi wake alikuwa wa mtaa wa pili. Al-Yaziji naye mwaka wa 1856 alichapisha maqamat zake mwenyewe kwa kufuata mtindo huo huo wa al-Hariri.

Mhadhara wa al-Bustani uliovuma zaidi ni ule alioutoa mwezi wa Desemba mwaka wa 1849 juu ya elimu ya wanawake. Chama kilikuwa cha wanaume, kwa hiyo wanaume walikaa wakasikiliza hoja kuhusu wake na binti zao. Hoja yenyewe ilijengwa kwa ustadi. Al-Bustani hakuanza na haki. Alianza na hasara. Alieleza kwamba mwanamke aliyeachwa gizani hakai gizani peke yake, bali huwalea humo watoto, na taifa zima huonja matunda ya ujinga ambao wanaume wenyewe ndio walioupanda. Kisha akaorodhesha masomo ambayo msichana anastahili kufundishwa: dini, lugha ya mama, kusoma, kuandika, malezi, kazi za nyumbani, jiografia, historia na hesabu. Msomaji wa leo ataona upesi kwamba mwanamke wa hotuba ile anasomeshwa zaidi ili awe mke bora na mama bora, wala si kwa ajili ya nafsi yake. Kasoro hiyo ipo na haifai kufichwa. Hata hivyo, yapaswa kuzingatiwa kwamba msemaji hakuwa akibuni. Rahil alikuwa nyumbani, ushahidi unaotembea. Na binti yao Alice, aliyezaliwa miaka mingi baada ya mhadhara ule, alichapisha riwaya yake mwenyewe mwaka wa 1891.

Chama hakikudumu. Kufikia mwaka wa 1852 kilikuwa kimekwisha. Msomaji aliyewahi kuwa katibu wa chama cha wanafunzi anajua yanayofuata kwa kawaida: daftari la kumbukumbu hubaki kwenye sanduku la mtu aliyehitimu, miswada ya wahadhiri hufungiwa maandazi, na baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Al-Bustani hakukubali hayo. Mwaka huo huo wa 1852 aliikusanya mihadhara, akaihariri na kuichapisha kama kitabu. Kwa sababu hiyo tu tunaweza leo kujua yaliyozungumzwa. Ni kazi ambayo haikumhitaji awe na kipawa kikubwa. Ilimhitaji awe na subira ya karani. Nami nathubutu kudai kwamba katika maisha yake yote al-Bustani alikuwa mkubwa zaidi katika kukusanya, kupanga na kuchapisha kuliko katika kubuni.

Upungufu mmoja wa chama ulibaki wazi: Waislamu na Wadruzi hawakujiunga. Haikuwa vigumu kuelewa kwa nini. Chumba kilichojaa wamisionari hakikuwa mahali ambapo shehe wa Beirut angejihisi yuko kwake, hata kama mada ya jioni hiyo ilikuwa al-Hariri.

Katika miaka iliyofuata al-Bustani aliajiriwa kama mkalimani katika ubalozi mdogo wa Marekani, huku akiendelea na tafsiri na uandishi. Mwezi wa Februari mwaka wa 1859 alisimama tena mbele ya hadhira, mara hii kuzungumza juu ya adab ya Waarabu. Neno hili limetufikia sisi kama adabu, kwa maana ya heshima na mwenendo mwema, ilhali katika Kiarabu lilibeba pia maana ya ustaarabu wa mtu aliyesoma, na hatimaye likawa ndilo neno la fasihi. Katika mhadhara huo aliwarudisha wasikilizaji wake katika Baghdad ya makhalifa wa Bani Abbas, pale vitabu vya Wayunani vilipofasiriwa na kujadiliwa, kisha akawaleta hadi zama zao, ambapo matbaa zilikuwa chache na wasomaji wachache zaidi. Hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliona kwamba warithi wa Baghdad wangeweza kuchukua elimu ya Ulaya bila aibu, maadamu Ulaya nayo ilikuwa imechukua kwao. Na aliwakosoa kwa kiasi kile kile waliokataa kila kitu cha kigeni na walioiga kila kitu cha kigeni. Hotuba hiyo ilichapishwa mwaka huo huo.

Mwaka mmoja baadaye Lebanon iliwaka moto. Katika majira ya joto ya 1860 vita vilizuka milimani baina ya Wadruzi na Wamaroni, vijiji vikachomwa, maelfu wakauawa, na mwezi wa Julai mauaji yakaingia Damascus yenyewe. Beirut ilifurika wakimbizi. Sisi Wakenya tulioyaona yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hatuhitaji kuelezwa jinsi majirani wa miaka mingi wanavyoweza kugeukiana katika wiki chache. Swali lililomkabili al-Bustani lilikuwa zito. Alikuwa ametumia zaidi ya miaka kumi akiwahutubia wasomi wa mjini juu ya elimu na ustaarabu, na waliokuwa wakiuana milimani hawakuwa wamesikia hata neno moja.

Jibu lake lilikuwa kubadili aina ya hotuba. Kuanzia Septemba 1860 hadi Aprili 1861 alichapisha nyaraka kumi na moja fupi alizoziita Nafir Suriyya, yaani Nafiri ya Syria. Hakutia jina lake. Alijitambulisha tu kama mtu aipendaye nchi yake. Aliwaita wasomaji watoto wa nchi moja, akiwakumbusha kwamba ardhi, maji, hewa na hasa lugha yao vilikuwa vya pamoja bila kujali mtu anaswali wapi. Katika nyaraka hizo alihesabu hasara za vita kama mfanyabiashara anayefunga hesabu: hasara za mali kando, hasara za utu na maadili kando, kisha akathubutu hata kutafuta kama kulikuwa na faida yoyote ya kujifunza. Alitaka dini itengwe na siasa, kwa kuwa aliona kuchanganywa kwake ndiko kulikoleta balaa. Mwandishi huyu, tukumbuke, alizaliwa katika dhehebu mojawapo lililopigana, na angeweza kuandika kama mlalamikaji. Hakufanya hivyo. Nyaraka hizi fupi zinanivutia kuliko mihadhara yake yote, pengine kwa sababu ndani yake karani yule mtulivu anasikika akiwa na hofu.

Baada ya nyaraka ilikuja shule. Mwaka wa 1863 alifungua mjini Beirut al-Madrasa al-Wataniyya, Shule ya Kitaifa, iliyowapokea wanafunzi wa dini zote bila kumtaka yeyote aiache dini yake. Nasif al-Yaziji alifundisha Kiarabu humo, na mwana wa al-Bustani, Salim, alimsaidia baba yake kuiendesha. Kiarabu kilipewa nafasi ya mbele, pamoja na lugha nyingine. Shule iliendelea hadi miaka ya 1870. Jirani yake, chuo cha Wamarekani kilichofunguliwa mwaka wa 1866 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nacho kilianza kwa kufundisha kwa Kiarabu, hata tiba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 Kiingereza kilikuwa kimeipokonya nafasi hiyo, na sababu zilizotolewa, za uhaba wa vitabu na wa walimu, zitawasikika wahadhiri wetu wa Kiswahili kama wimbo waujuao.

Mwaka wa 1868 chumba cha mihadhara kilipata uhai mpya. Jumuiya ya Kitaaluma ya Syria, iliyokuwa imeanzishwa mara ya kwanza mwaka wa 1857, ilipata kibali cha serikali ya Uthmaniya, na safari hii wamisionari hawakuwa washika hatamu. Waislamu, Wadruzi na Wakristo waliketi pamoja. Miongoni mwa vinara wake walikuwamo Muhammad Arslan, Mdruzi, na Husayn Bayhum, Mwislamu wa Beirut. Upungufu wa mwaka wa 1847 ulikuwa umezibwa, na uliozibwa kwa gharama gani kila mwanachama alijua. Salim alikuwa mwanachama mashuhuri. Baba yake, ambaye sasa alikuwa mzee wa heshima, alitoa mwaka wa 1869 hotuba juu ya jamii, akilinganisha desturi za Waarabu na za Wafaranja.

Kazi iliyomshughulisha zaidi miaka hiyo ni ile ambayo wasomaji wa jarida hili wataithamini kupita zote. Mwanzoni mwa karne ya 15 alifariki nchini Yemen mwanachuoni al-Firuzabadi, mwandishi wa al-Qamus al-Muhit, maana yake bahari kuu iliyozunguka. Kitabu hicho kilitumika sana hata jina lake likageuka kuwa jina la kila kitabu cha aina hiyo. Tunapoichukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu rafuni, tunatamka jina la kitabu cha al-Firuzabadi bila kujua. Lakini Qamus ilikuwa na adha yake. Maneno yalipangwa kwa kufuata herufi ya mwisho ya mzizi, mpango unaomfaa mshairi anayesaka vina, na kumtesa mwanafunzi anayesaka maana.

Al-Bustani aliichukua bahari hiyo akaipanga upya kwa herufi ya kwanza ya mzizi. Akaongeza istilahi za sayansi mpya, maneno ya Wakristo na hata maneno ya mitaani ambayo wanasarufi waliyadharau. Aliiita Muhit al-Muhit, ikatoka katika juzuu mbili baina ya 1867 na 1870, na pamoja nayo akatoa muhtasari kwa ajili ya wanafunzi. Mizizi aliibakiza. Katika kamusi yake mwalimu, elimu, taaluma na maalumu, kwa sura zao za Kiarabu, hukaa chini ya paa moja. Katika kamusi zetu ndugu hawa wanne wametawanyika kurasa mbalimbali, na atakayetaka kuwaonyesha wanafunzi udugu wao itambidi afanye kazi hiyo mwenyewe. Sultani alimtuza al-Bustani kwa kamusi hiyo. Wako wasomi walioibishia, kwani uwanja wa lugha ulikuwa na wababe wake. Ahmad Faris al-Shidyaq, ndugu wa yule Asaad aliyefia kifungoni, alikuwa akizozana mara kwa mara na jamaa wa Beirut kuhusu ufasaha, naye baadaye aliandika kitabu kizima cha kuanika makosa ya Qamus yenyewe.

Mwaka wa 1870 al-Bustani na Salim walianzisha jarida la al-Jinan na gazeti la al-Janna, na mwaka uliofuata likazaliwa al-Junayna. Majina yote matatu yana maana ya bustani, kubwa au ndogo; mzee hakukosa ucheshi kuhusu jina lake. Katika al-Jinan Salim alichapisha riwaya kwa mfululizo, zikiwa miongoni mwa za mwanzo katika Kiarabu cha kisasa, na makala ya historia, siasa na sayansi yakawafikia watu ambao wasingeweza kamwe kuingia katika chumba cha mihadhara cha Beirut.

Juzuu ya kwanza ya Dairat al-Maarif, kamusi elezo ya kwanza ya kisasa katika Kiarabu, ilitoka mwaka wa 1876. Khedivu Ismail wa Misri alijiandikisha kupata nakala nyingi. Al-Bustani aliendelea kuiandika kwa kasi ambayo mtu wa umri wake hakupaswa kuifuata, akatoa juzuu sita. Tarehe 1 Mei 1883 alifariki ghafla mjini Beirut, na inasimuliwa kwamba alikutwa na kalamu mkononi katikati ya vitabu vyake. Salim aliipokea kazi akatoa juzuu mbili, naye akafariki mwaka uliofuata. Wanawe wengine waliishika, pamoja na jamaa yao Sulayman al-Bustani, ambaye mwaka wa 1904 alichapisha tafsiri ya Iliad kwa ushairi wa Kiarabu. Juzuu ya kumi na moja ilitoka mwaka wa 1900, ikafika katika herufi ain, kwenye kidahizo kinachohusu dola ya Uthmaniya, ikakoma hapo. Mwaka wa 1956 msomi mwingine wa ukoo huo, Fuad Afram al-Bustani, alianza kutoa kamusi elezo mpya kwa jina lile lile, akirudi kwenye alifu.